Mpango wa muda mrefu wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa Nakuru na watu wajue unafuatilia mambo ya hifadhi, maswali hayaishi: kwa barasa la chifu, kwa steji ya matatu, kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, hata matangani. Mengi yanajirudia, ndio maana nimeyaweka hapa pamoja, nikianza na ya msingi na kumalizia na yale magumu ya mipaka na sheria. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakuelekeza huko badala ya kurudia.

Msimamo wangu niuseme mapema. Fensi yetu inazuia nyati, haizuii maji, na ziwa hili linaishi ama linakufa kwa maji yanayotoka mahali ambapo KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) haina geti wala askari. Mpango unaoishia kwa fensi nauona umeachiwa njiani.

## Mwanzo kabisa

Mpango wa usimamizi wa hifadhi ni kitu gani hasa?

Ni kitabu kinachosema hifadhi inalinda nini, hicho kitu kinatishiwa na nini, kitafanywa nini, nani atafanya, kwa pesa gani, na mtu atajuaje kama kazi imefanyika. Ndani yake kuna ramani inayogawa hifadhi kwa kanda: hapa watalii waingie kwa wingi, hapa loji inaweza kujengwa, hapa gari lisiache barabara, hapa pasiguswe kabisa. Kazi zenyewe kawaida zinagawanywa kwa mafungu kama manne, yaani ikolojia, utalii, majirani, na ulinzi pamoja na shughuli za kila siku kama barabara na fensi.

Kuna watu hudhani ni hotuba ya wakubwa. La. Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 44, inataka kila hifadhi ya taifa iendeshwe kulingana na mpango, na jedwali la 5 la sheria hiyo hiyo linataja vitu ambavyo lazima viwemo. Kwa hivyo mkuu wa hifadhi akibadilishwa leo, mwenye kuja anakuta njia imeshachorwa, haanzi na mawazo yake mwenyewe.

Kama kuna fensi, si wanyama waachwe tu waishi?

Hifadhi ni kilomita mraba 188 na sehemu ya hapo ni ziwa. Fensi ya stima ilikuja miaka ya 1980 wakati vifaru walikuwa wanaisha: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Nakuru ikafanywa makimbilio yao na imefanya hiyo kazi vizuri, sai nchi nzima inahesabu vifaru weusi karibu elfu moja na hifadhi yetu ni moja ya mahali walipozaliana.

Lakini ukishafunga mahali na fensi umechukua kazi ambayo zamani ilifanywa na nafasi. Kiangazi kikija mnyama hawezi kuhama, dume mchanga akifukuzwa na wakubwa hana pa kwenda, ugonjwa ukiingia umeingia, na simba wakizaliana miaka mingi bila damu mpya wanaanza kuoana ndugu kwa ndugu. Hayo yote sasa lazima mtu ayaamue, na ukiamua kila kitu siku ambayo shida imefika unaamua vibaya.

Hii hifadhi ilianza lini, na imekuwa ikibadilika?

Ilianza kama mahali pa ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa 1968, baadaye ikapanuliwa kuelekea kusini. Mwaka wa 1990 ziwa likawa la kwanza Kenya kuingia kwa orodha ya Ramsar ya maeneo oevu, na 2011 likaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Bogoria na Elementaita.

Ila nataka uone kitu kimoja kwa hiyo historia. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka upande wa Magadi ili wale mbu. Walikubali maji ya chumvi, wakajaa, na mwari wakaja kwa maelfu kuwafuata, ndege ambao hapo awali hawakuwa na sababu ya kushinda kwa ziwa lisilo na samaki. Mwaka wa 1977 wakaletwa twiga wa Rothschild kutoka Soy karibu na Eldoret, huko mashamba yalikuwa yanakatwakatwa na hawakuwa na pa kukaa. Vitu viwili viliamuliwa na watu wachache na tunaishi navyo mpaka leo, na ndio unaona ni kwa nini nasema uamuzi wa leo uandikwe ukifikiria mtoto ambaye bado hajaenda nursery.

Nani anauandika?

KWS ndio wenye kazi, lakini hawaandiki peke yao: kaunti, watu wa maji, watu wa misitu, watafiti (hapa Egerton iko karibu na imesomea Mto Njoro kwa miaka mingi), wenye loji, majirani. Kwanza data inakusanywa, halafu mikutano, halafu rasimu, halafu rasimu inarudi kwa watu, halafu inapitishwa. Namna ya kuingia hapo iko kwa swali la kutoa maoni huko chini.

Kwa nini mpango ni wa miaka 10?

Kawaida ndiyo muda unaotumiwa, na katikati mpango unapitiwa kuangalia ni nini kimeshindikana. Miaka mitano haitoshi kuona kama mti umeshika ama kifaru amezaa mara ya pili (mama mmoja anachukua karibu miezi 15 na mimba, halafu analea), na miaka ishirini ni mingi sana kwa ziwa ambalo linabadilika hivi letu linavyobadilika.

## Maji, ambayo ndiyo shida yenyewe

Ziwa lilipanda kwa nini?

Kuanzia karibu 2010 maji yalianza kupanda na hayakurudi, ziwa likatoka karibu kilomita mraba 40 likaenda karibu 70. Geti kuu na ofisi zilifunikwa ikabidi zihamishwe, barabara za pembeni zikaisha, migunga ya manjano ikafa ikiwa imesimama ndani ya maji, na huku nje majirani wa Mwariki na Barut wakajikuta na ziwa mlangoni.

Sababu si moja na mtu akikuambia ni moja muulize maswali zaidi. Mvua imekuwa nyingi kwa miaka mfululizo, hiyo ndiyo kubwa. Ardhi ya huko juu imefunguliwa, kwa hivyo maji hayazami, yanateremka na udongo mbio mbio. Na hili ni Bonde la Ufa, chini kuna nyufa na maji yanatembea huko ambako hatuoni. Kumbuka pia si Nakuru peke yake, Baringo, Bogoria na Naivasha zote zilipanda, na Victoria ilipanda sana 2020. Sasa ukisikia mtu akisema ni mtaro wa mtaa fulani umeziba, mwambie huo mtaro haufiki Baringo.

Na ziwa hili pia limewahi kukauka. Katikati ya miaka ya 1990 watu walikuwa wanaona vumbi nyeupe ikipeperuka kutoka sakafu ya ziwa kuja mjini. Halijawahi kutulia, na mpango lazima ukubali hivyo.

Flamingo walienda wapi, na watarudi?

Flamingo mdogo anakula mwani wa kijani-buluu, huo unaitwa spirulina, na huo mwani unapenda maji ya magadi makali. Mvua ikijaza ziwa magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, ndege wanaamka wanaenda Bogoria, wengine Elementaita. Hawajafa na hawajatukasirikia. Kuna miaka Nakuru ilikuwa na zaidi ya milioni moja, kuna miaka ilikuwa karibu tupu, hata kabla hii mambo ya sasa kuanza. Wakati mwingine wanarudi vikundi vikundi maji yakishuka kidogo.

Na hawazaliani hapa kabisa. Wanaenda Natron, Tanzania, huko ndiko flamingo wadogo karibu wote wa Afrika Mashariki huatamia. Kwa hivyo mpango wa Nakuru ukisema "tutalinda flamingo" bila kufikiria Bogoria, Elementaita na Natron unalinda kituo kimoja cha safari ya ndege. Kile Nakuru inaweza kufanya ni kuhakikisha siku wakirudi wanakuta maji yasiyo na sumu na pwani isiyo na kelele ya magari.

Msitu wa Mau uko mbali, unaingiliana vipi na hifadhi?

Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Mito mikubwa ya ziwa ni Njoro, Makalia na Nderit, na yote inatoka milima ya Mau upande wa mashariki, nje kabisa ya hifadhi. Ngosur inatoka upande wa Bahati, na kuna chemchemi za Baharini. Mwaka wa 2001 serikali ilitoa karibu hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki zikagawanywa, na kabla na baada ya hapo watu walishakuwa wanaingia. Msitu ulikuwa unashika mvua, unaiachia pole pole kwa miezi. Sasa mvua ikinyesha usiku huko Mauche, asubuhi maji ya kahawia yako Njoro, na Januari ikifika mto ambao wazee wanasema haukuwahi kukauka unabaki mawe na vidimbwi.

Kwa ziwa hiyo ni hasara mara mbili: matope mengi wakati wa masika na maji kidogo wakati wa kiangazi. Na mimi sisemi mkulima wa Mauche ni adui, yeye alipewa shamba na karatasi, ana watoto na anapanda viazi na mahindi ili wale. Kile kinasaidia ni matuta yanayofuata mlalo wa kilima, nyasi za kushika udongo, miti ukingoni mwa mto, ng'ombe kunyweshwa mahali pamoja badala ya kila mtu kubomoa kingo kwake. Hii kazi inafanywa na vyama vya watumiaji maji, vile vinaitwa WRUA, chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na vingi vinakufa njaa kwa kukosa hela. Kama ningekuwa na uwezo wa kuongeza ukurasa mmoja kwa mpango wa hifadhi, ungekuwa ule unaosema sehemu ya bajeti ya hifadhi itaenda huko juu kila mwaka, si kwa semina bali kwa miche na koleo.

Na majitaka ya mji?

Ziwa halina mlango wa kutokea. Kila kitu kinachoingia kinabaki, maji yanapanda hewani na jua lakini chumvi, metali na sumu vinakaa. Nakuru ina mitambo miwili ya kusafisha majitaka, na maji yaliyosafishwa yanaishia ziwani. Ikifanya kazi sawa si mbaya, kuna miaka ya ukame hayo maji ndiyo yalikuwa yanafika ziwani wakati mito imekauka. Shida ni mji umekua (tumekuwa jiji tangu Desemba 2021), nyumba nyingi za Kaptembwo, Rhonda na kwingine hazijaunganishwa na bomba, choo ni shimo, na mvua kubwa inaosha kila kitu pamoja na takataka za mitaro kuelekea chini, na chini ni ziwani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa ndani ya hifadhi Juni 2020, lakini chupa ya soda iliyotupwa mtaani Section 58 haijui hiyo sheria, inasafiri tu na maji. Mpango wa hifadhi hauwezi kuamuru kaunti ijenge bomba. Unaweza kupima ubora wa maji pale yanapoingia, kila mwezi, na kutangaza matokeo hadharani, na hicho peke yake kingebadilisha mazungumzo ya bajeti ya jiji.

Unapangaje ziwa ambalo halitabiriki?

Unaacha kupanga kwa ukingo wa leo. Ukijenga geti, ofisi ama barabara, jenga juu ya alama ya maji mabaya zaidi na uongeze nafasi. Barabara za pwani zifanywe rahisi, za kuhama, si lami ya mamilioni. Halafu unaandika mapema: maji yakifika hapa tunafanya hivi, yakishuka hapa tunafanya vile, ili siku hiyo isiwe ya kuitisha mkutano. Baringo walijifunza kwa njia ngumu, ziwa lilipopanda twiga wa kisiwa cha Longicharo wakabaki wamezingirwa na ilibidi wavushwe mmoja mmoja na jahazi la kubebea, kati ya mwisho wa 2020 na Aprili 2021.

## Wanyama walio ndani

Mbona hawaleti ndovu? Watalii wangejaa.

Ndovu mmoja anakula zaidi ya kilo mia moja kwa siku na anaangusha miti akitafuta. Hapa hakuna nafasi, na msitu wa yuforbia wa upande wa mashariki na migunga iliyobaki ingeisha. Jibu ni hilo.

Vifaru wanahamishwa kwa nini kama wako salama hapa?

Kwa sababu wakijaa wanapigana, wanaumizana, na majike wanachelewa kuzaa. Kifaru mweusi anakula majani ya vichaka, mweupe anakula nyasi, kwa hivyo hawagombanii chakula moja kwa moja, ila madume wanagombania ardhi. Ukitoa wachache kila baada ya muda unapata wengine wapya mahali pengine na waliobaki wanazaa haraka zaidi. Pia unachanganya damu, kwa sababu kundi la fensi moja likijifungia miaka 40 linadhoofika.

Lakini kuhamisha si kupakia kwa lori tu. Julai 2018 vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru walipelekwa Tsavo Mashariki na wote wakafa, wengi wao kwa sababu ya maji ya kisima yaliyokuwa na chumvi nyingi sana. Bado inaniuma nikiandika. Ndio maana mpango mzuri hausemi tu "wahamishwe", unasema maji yapimwe na nani, nani ana ruhusa ya kusimamisha zoezi hata kama wageni wameshaalikwa, na wanyama wafuatiliwe kwa muda gani baada ya kufika.

Simba na nyati wakizidi, nani anaamua?

Wataalamu wa KWS, kwa hesabu ya wanyama inayorudiwa na kwa kuangalia nyasi. Nyati wakiwa wengi nyasi ndefu inaisha, swala na kuro wanabaki na makapi. Simba wakiwa wengi ndani ya fensi wanamaliza swala, halafu wanaanza kuangalia nje. Kuna kuhamisha, kuna kuzuia uzazi, kuna kuacha tu. Kila moja ina gharama yake na mpango unapaswa kusema ni idadi gani inaamsha hatua gani. Mambo ya simba akitoka nje, soma swali la fidia.

Ile miti iliyokufa itapandwa tena? Na vichaka vilivyojaa?

Migunga ya manjano inamea yenyewe maji yakishuka, mbegu ziko kwa udongo, kazi ni kuzuia swala na twiga wasimalize miche michanga, hata kwa kuzungushia vipande vidogo. Lantana ni hadithi tofauti, si ya hapa, inaziba malisho na lazima ing'olewe na mizizi na kurudiwa, mwaka mmoja hautoshi. Leleshwa ni yetu lakini ikiachwa inasambaa ikafunika nyasi. Watu wakiona vijana wanakata vichaka hifadhini wanadhani msitu unaibwa, kwa hivyo natamani KWS wawe wakitangaza hiyo kazi kwa redio mapema.

## Sisi majirani

Nyani wamemaliza mahindi yangu, ama mbuzi ameuliwa. Nalipwa?

Sheria ya 2013 inasema ndiyo kwa wanyama walioorodheshwa: mtu akiuliwa familia inafaa kulipwa shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2, na mimea na mifugo kwa bei ya soko. Unaripoti haraka kwa ofisi ya KWS ama kwa chifu, unajaza fomu, unapiga picha kabla hujasafisha, na kamati ya kaunti ya wanyamapori inakaa kuamua. Nyani yuko kwa mambo ya mjadala kila mara, kwa hivyo uliza pale ofisini kama mnyama wako yuko kwa orodha ya mali iliyoharibiwa kabla hujatumia nauli mara tatu.

Malipo yanachukua muda mrefu, kila mtu anajua, na familia zinaumia zikingoja. Ndiyo sababu napenda mpango uweke nguvu kwa kuzuia: fensi ikaguliwe kila siku, mashimo ya ngiri yazibwe, stima isizimike usiku, na namba ya simu ya mtu anayeshika doria ibandikwe kwa kila duka la karibu.

Naweza kuingia kukata kuni ama kulisha ng'ombe wakati wa ukame?

Hapana, hii ni hifadhi ya taifa, si hifadhi ya kaunti wala ya jamii. Ukiingiza ng'ombe unaweza kushtakiwa, na pia magonjwa yanapita kati ya nyati na ng'ombe, pande zote mbili. Upande wa mashariki huko Soysambu ni ardhi ya binafsi na inaendeshwa kwa namna nyingine, huko ng'ombe na wanyamapori wanachanganyika.

Sisi watu wa Barut na Mwariki tunafaidika na nini?

Kwa sasa, kidogo kuliko inavyofaa. Kuna ajira, kuna miradi ya madarasa na maji ambayo KWS huchangia, kuna vijana wanauza na kuongoza wageni. Lakini pesa ya geti inaenda mfuko wa taifa, hairudi mtaani moja kwa moja. Kama mna jambo mnataka, kwa mfano asilimia ya kazi za vibarua ziandikwe kuwa za wodi zinazopakana, lisemeni kama sentensi kamili kwenye rasimu, kwa sababu ahadi ya mdomo ya afisa huondoka na afisa akihamishwa.

## Kuingiza sauti yako

Natoaje maoni na yakahesabika?

Katiba ya 2010 kwa kipengele cha 10 inaweka ushiriki wa wananchi kuwa lazima, na kipengele cha 69 kinaitaka serikali ihimize watu kushiriki kulinda mazingira. Kwa vitendo: sikiliza tangazo la mkutano, nenda, sema, lakini pia andika. Maoni ya mdomo yanageuka mstari mmoja kwa ripoti, "wananchi walilalamikia nyani". Barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa haipotei hivyo. Taja kifungu cha rasimu, sema shida, sema unataka kiandikwe vipi. Watu kumi wakiandika kila mmoja kwa maneno yake ni bora kushinda barua moja yenye sahihi mia.

Wanasema mpango ni wa siri. Ni kweli?

Si kweli. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Andika kwa Kiswahili kama unataka. Kuna vitu watakataa kukupa kwa haki kabisa, kama mahali vifaru wanalala na ratiba za doria, na hapo naomba usiwasumbue.

Mpango ukivunjwa, kwa mfano jengo likianza mahali palipokatazwa?

Anza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uliza kama kuna tathmini ya athari kwa mazingira na leseni. Leseni ikiwa imetolewa vibaya kuna Mahakama Maalum ya Mazingira, muda wa kukata rufaa ni siku 60, usilale. Kipengele cha 70 cha katiba kinakuruhusu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara, na hilo watu wengi hawalijui.

## Maswali ya pembeni

Serikali inaweza kukata kipande cha hifadhi igawie watu?

Si kwa barua ya waziri tu. Kubadilisha mpaka wa hifadhi ya taifa kunahitaji KWS ipendekeze baada ya kushauriana na Tume ya Ardhi, wananchi wahusishwe, na Bunge lipitishe. Mtu akikuuzia ploti "ambayo itatolewa hifadhini hivi karibuni", usitoe hata ile ya kushikia.

Ziwa limemeza shamba langu. Sasa ni la KWS?

Hapana. Mpaka wa hifadhi uko kwa gazeti rasmi la serikali, haufuati maji. Ziwa likivuka fensi likaingia kwako, hatimiliki yako bado ni yako. Weka karatasi mahali pakavu, tafuta mpimaji aonyeshe alama zako ziko wapi chini ya maji, ripoti kwa chifu ili ujulikane kati ya walioathirika. Kinachokubana ni kutumia: kanuni za ukingo wa maji zinakataza kujenga karibu, mita 6 hadi 30, na hapo ndipo mabishano mengi yatatokea maji yakianza kushuka na kila mtu akirudi na mabati. Viboko nao hufuata maji, kwa hivyo usitume mtoto kuchota hapo jioni.

Kwa maoni yangu hawa watu wangetambuliwa kwa jina la eneo ndani ya mpango, na ardhi iliyozama iangaliwe kama inaweza kununuliwa kwa bei ya haki iwe nafasi ya ziwa kupumulia. Inauma kulipa, lakini kuwaacha na hatimiliki ya maji inauma zaidi.

Samaki wanauzwa mtaani wakisemekana ni wa ziwa hili. Nile?

Usile. Maji yalipopungua magadi samaki wengine waliingia na wakakua, na vijana wanaingia usiku kuwavua, jambo ambalo ni kosa na pia hatari, viboko na nyati wako pale pale. Lakini kubwa ni lile la ziwa lisilo na mlango, angalia jibu la majitaka. Metali hazionekani kwa macho na hazitoki kwa kukaanga.

Je, Ruma, Saiwa na zile za Kisumu zinaweza kutumia mpango kama huu?

Sheria ni ile ile, mpango hapana. Ruma kule Lambwe ni kilomita mraba 120 na ndiyo nyumba ya mwisho ya korongo (yule swala mkubwa, si ndege) Kenya, wamebaki wachache sana, kwa hivyo mpango wake unahesabu ndama mmoja mmoja, na unashughulika na mioto ya nyasi na mbung'o. Ndere na ile ya Impala Kisumu ni vipande vidogo vinavyobanwa na Victoria na mji.

Saiwa Swamp karibu na Kitale ndiyo inanifikirisha zaidi. Karibu kilomita mraba 3 tu, tangu 1974, imewekwa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa matopeni. Imezungukwa na mahindi pande zote, na maji ya bwawa yanapita kwa hayo mashamba kwanza, na mbolea na dawa zake. Pale hata ukiweka askari kila mita hamsini hujalinda kitu kama mkulima wa juu hajakubali kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto, kwa hivyo watu wa Trans Nzoia wakiniuliza waanze na ukurasa gani wa mpango, nawaambia waanze na orodha ya majina ya wenye hayo mashamba.